Kaka yangu, mitungi ya oksijeni na mjomba aliyeponywa na nyungu

Siku hizi mtu akitaka kuwasifia madaktari wa kile kipindi cha korona utasikia mashujaa, wanajeshi wa mstari wa mbele, sijui nini na nini, afu anabandika picha ya mtu kavaa lile vazi la kujifunika mwili mzima mpaka macho yenyewe huyaoni. Sawa, sikatai, wanastahili. Ila mie nina kaka yangu ni daktari, tumbo moja, tumekulia nyumba moja huku Makorora, na kipindi kile chote alikuwa anarudi kulala hapahapa kwa mama, na nikikumbuka alichokuwa anafanya sioni vita. Naona hesabu. Mtu anakaa anapiga hesabu, anatoka anakwenda kubembeleza watu, anarudi kwenye hesabu zake, hivohivo mpaka kunakucha. Hilo naona halisemwi, ndo mana nimeamua niliandike mwenyewe.

Hospitali yake siitaji. Iko mkoa wa Tanga, inatosha, mana humu ndani kuna malalamiko na sitaki aitwe ofisini kwa ajili ya mdomo wangu.

Mwanzo wake mnaujua. Tarehe 16 Machi 2020 Ummy Mwalimu, mtoto wa hapahapa Tanga na ndo alikuwa Waziri wa Afya, akatangaza mgonjwa wa kwanza, Mtanzania aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake shule zikafungwa. Ndoo zenye koki zikazagaa kila mlango wa duka, mpaka kinyozi wetu ambaye wembe tu alikuwa anaubadilisha kwa kugombezwa naye anakukazania unawe na sabuni. Takwimu rasmi zikaishia kwenye wagonjwa 509 na waliofariki 21, na baada ya hapo kimya, hatukusikia namba nyingine kwa zaidi ya mwaka. Mwezi wa tano yakaja ya sampuli za papai na mbuzi zilizosemwa zimekutwa na korona, afu Kenya wakafunga mpaka wao na sisi, wakaacha malori ya mizigo tu na dereva lazima apimwe, huko mpakani Horohoro foleni ikawa haina mwisho. Mwezi wa sita vyuo na kidato cha sita wakarudi, mwisho wa mwezi na wengine wote, barakoa zikaishia kwenye droo. Kwa kaka hiyo awamu ya kwanza ilikuwa hofu zaidi kuliko wagonjwa. Ramadhani ile walikuwa wanagawiwa barakoa kwa kuhesabiwa, zile nzito za N95 mtu anaihifadhi ya kwake kwenye bahasha ya kaki ameiandika jina, aivae tena na tena. Akirudi anavulia nguo uani, mama kamuwekea ndoo na Jiki, futari yake tunamsogezea mlangoni anakula peke yake anatupigia stori za mbali. Basi, yakapita.

Kilichotunyoosha ni ya pili. Januari mpaka Machi 2021.

Sasa hapo ndo muelewe mazingira. Nchi ilikuwa imeshatangaza imeshinda, mpira unachezwa Mkwakwani watu wamejaa, harusi zinapigwa, na huku kila siku kwenye msikiti wa mtaa inatangazwa maiti. Redioni inaitwa changamoto ya upumuaji. Tarehe 17 Februari siku moja tukawapoteza Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais Zanzibar, na Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, na Maalim chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kwamba ni korona. Mimi kila kaka akiingia namuuliza, ni yenyewe? Ananijibu, "Mgonjwa anataka oksijeni. Ukinitafutia oksijeni nitakujibu hilo swali."

Siku moja akanionyesha, kachukua daftari langu la wanaonidai na ninaowadai akaandika nyuma. Mtungi ule mkubwa mrefu, wa kusimamishwa ukutani na mnyororo, ukijazwa vizuri unabeba kama lita 7,000. Mgonjwa wa kawaida anayewekewa vile vimrija vya puani unamfungulia lita 2 mpaka 5 kwa dakika, kwa 5 mtungi unakwenda karibu siku nzima. Sio shida. Shida ni hawa wa kipindi kile, walikuwa wanaletwa wameshashuka mno, anavalishwa ile barakoa yenye kimfuko chini ambayo inataka lita 10 mpaka 15 kwa dakika. Kwa 15 ule mtungi masaa 8 haufikishi. Yaani mgonjwa mmoja mitungi mitatu kwa siku na bado haijatosha. Ni kama gesi ya kupikia tu, aniambia, yule anayechemsha chai na yule anayechemsha maharage hawawezi kununua siku moja. Sasa piga ukiwa na sita wa namna hiyo wodi moja. Ni mitungi 18 kwa siku na ushee, na mtungi haujazwi hapo hospitali, unapakiwa kwenye gari unakwenda kujazwa unarudi, gari nayo itake mafuta, mafuta yatake sahihi, mwenye sahihi yuko kikaoni.

Zile mashine za kuchuja oksijeni kwenye hewa ya humuhumu chumbani zilikuwepo chache, zinatoa lita 5 kwa dakika, nyingine 10, zinataka umeme. Umeme ukikatika wanakimbia. Kihalisia kabisa, daktari na nesi na mfagizi wote wanakimbia wanaburuta mtungi mpaka jenereta iwake.

Ndo mana nasema hesabu. Alikuwa akilala off hapa nyumbani, saa tisa usiku unamsikia kaamka anapiga simu wodini, hasalimii, anauliza tu, "Ule wa kitanda cha dirishani umebadilishwa?" Akiambiwa geji iko wapi anakaa kimya anahesabu, anasema utafika saa kumi na moja alfajiri, mwandae mwingine. Mama mwanzoni alidhani ana mwanamke.

Na kitu kigumu kuliko kubadilisha mtungi ni kumpunguzia mtu. Mie sikujua hili. Kumbe mtu mzima kile kipimo cha kidoleni, kinachopima oksijeni ya kwenye damu kwa asilimia, kikisoma 90 na kidogo juu yake inatosha, wanafundishwa hivo, huna haja ya kumfungulia mpaka isome 99. Kaka anasema ile ya kumfikisha 99 ni hewa ya mtu mwingine. Kwahiyo ukiona wa kitanda hiki kashika 95 unamteremsha taratibu kutoka 10 kuja 8, kuja 6, unasimama unamtazama, ili wa kitanda kile apate. Sasa muelezee hilo ndugu wa mgonjwa aliyekaa hapo pembeni. Anachoona yeye ni daktari kaja kumpunguzia baba yake pumzi. Kuna kijana mmoja alikuwa anangoja kaka akigeuka tu anakwenda kwenye ile koki anaifungua mpaka mwisho, kwa mapenzi kabisa, mtungi ukaisha saa nane za usiku kabla ya muda wake. Kaka hakumfokea. Alimleta kwenye geji akamfundisha kuisoma, akamwambia kuanzia leo wewe ndo mlinzi wa mtungi huu, ukifika hapa kwenye nyekundu niite. Yule kijana hakusinzia tena mpaka baba yake anatoka.

Vingine vilivyosaidia vilikuwa rahisi mpaka unashangaa. Kumlaza mtu kifudifudi, bure kabisa, mana sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongoni na ukilala chali inabanwa, ukigeuka inafunguka. Mzee wa miaka sabini kumlaza kifudifudi na kitambi chake ni kazi lakini, mito mitatu na manesi wawili. Na ile dawa deksamethasoni, ya siku nyingi, bei ya pipi. Uingereza walifanya utafiti mkubwa unaitwa RECOVERY, mwezi wa 6 2020 wakatoa majibu kwamba kwa waliowekewa mashine ya kupumulia inapunguza vifo kwa theluthi, na kwa waliokuwa kwenye oksijeni tu inapunguza kwa moja ya tano. Kwa asiyehitaji oksijeni haikumsaidia chochote. Hicho kipande cha mwisho watu wa mtaani hawakukisikia, wakaanza kuinunua duka la dawa wameze wakiona mafua tu. Kaka hapo ndo niliwahi kumsikia anapandisha sauti.

Haya, sasa mjomba.

Mjomba wetu anakaa Ngamiani, fundi cherehani, mbishi toka kuzaliwa, mama ndo dada yake na hata yeye hamuwezi. Februari hiyohiyo akashikwa na homa, kikohozi, mwili umechoka, akasema hospitali haendi, mana ukienda na miguu unarudi kwenye sanduku. Na wala hakuwa peke yake, nusu ya mji ilikuwa inaamini hivo, wengine mpaka wanasema madaktari wanachoma watu sindano ya kuwamaliza wapewe hela. Akaingia kwenye nyungu. Mkaratusi, mchaichai, mwarobaini, malimao, tangawizi, sufuria la pilau limejaa, blanketi juu, asubuhi na jioni. Mama akanipigia, mlete kaka yako.

Tukamkuta kakaa kitandani, kaloa jasho, redio inaongea. Na alikuwa anaongea vizuri tu! Anatania. Kamuuliza kaka, Coastal Union wamefanya nini jana. Mimi nikapumua, nikajua mzee mzima huyu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba dokta. Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukusalimia tu, mama kasema unaumwa."

"Siumwi mie. Nimeshajifukiza, jasho limetoka, bado uchovu tu."

Kaka hakusema neno juu ya nyungu. Hata moja. Kavuta kigoda kakaa, kaulizia cherehani, kaulizia suti ya mtu fulani ambayo haijaisha toka mwaka juzi, huku kashamchukua mkono kambana kile kidude kidoleni. Kikasoma 76. Nikaona uso wake haujabadilika hata kidogo, kakisugua kile kidole kipate joto, kahamishia kingine. 77. Baadae ndo alinieleza kwamba walikuwa wanawapata wengi wa hivo, mtu anachati na simu kumbe damu haina hewa, mana kinachokufanya uheme kwa nguvu hasa ni kaboni dayoksaidi ikijaa, na hawa ile walikuwa bado wanaitoa, kwahiyo mwili haupigi kelele mpaka umechelewa.

Akajibana mwenyewe. 98.

"Mjomba, unaona hii yangu? Yako ilitakiwa ikaribiane na hii."

"Kidude chako kibovu."

"Basi tumbane mama."

Mama akabanwa. 97. Nikabanwa na mimi, mpangaji wa chumba cha mbele naye akaitwa akabanwa, wote tisini na saba, tisini na nane. Mjomba akawa anatuangalia tunavopokezana. Mwisho akarudishiwa yeye, na hicho kidude kikamsomea 75.

"Huko watu hawarudi," akasema, na sauti safari hii ilikuwa ndogo.

"Wanaokuja wameshachelewa ndo hawarudi mjomba. Wewe leo hujachelewa. Kesho sijui."

Jamani nilidhani hapo atanyanyuka. Wapi! Akaanza masharti. Sindano asiyoelezwa hataki. Alazwe karibu na mlango. Na nyungu yake aende nayo. Kaka akamwambia ya kujifukiza haiwezekani, kule kuna oksijeni na moto haviendani, ila ile ya kunywa, tangawizi na mchaichai, dada atakuletea kwenye chupa ya chai kila siku. Dada ndo mimi. Wakapeana mkono, tukaita bajaji.

Alikaa wodini wiki na kitu, kifudifudi anasali, kifudifudi anatukana, mitungi imekula kwake mingi tu, na mimi nabeba chupa yangu asubuhi na jioni naiacha getini. Akatoka. Na mpaka leo mkimkuta pale cherehani kwake atawaambia alivoponywa na nyungu. Oksijeni haitaji. Deksa haitaji. Nyungu! Mie damu inanichemka, nilimwambia kaka kwanini usimkosoe, watu wanamsikiliza yule. Akacheka, akasema, "Muache, ila mwambie akisimulia aseme na kwamba aliinywea wodini."

Wengine hawakutoka, nisijifanye. Na miongoni mwao alikuwemo mwenzake kaka, daktari, waliosoma pamoja, akazikwa alasiri na kaka akaingia shifti usiku uleule mana hakuna wa kumshika zamu. Hiyo habari siielezi zaidi, ana mke na watoto. Ila nitasema hivi, hizi stori za madaktari waliokufa kazini kaka anazijua zote na mimi huwa zinaniudhi. Atakusimulia Dokta Matthew Lukwiya wa Lacor, Gulu, mwaka 2000, Ebola imeingia Uganda manesi wake wanakufa, waliobaki wanataka kuondoka, yeye akabaki nao mpaka ikamuua tarehe 5 Desemba. Atakusimulia Dokta Ameyo Adadevoh wa Lagos mwaka 2014, aliyemzuia mgonjwa wa Ebola kutoka hospitali huku anashinikizwa amuachie, na kwa kumzuia yule mmoja Nigeria nzima ikaishia wagonjwa 20 tu, yeye mwenyewe akiwa mmoja wa waliokufa. Na yule wa macho wa Wuhan, Li Wenliang, aliwatahadharisha wenzake kwenye grupu la kuchati Desemba 2019, polisi wakamuita wakamsainisha karatasi ya onyo, mwezi wa pili kafa ana miaka 33. Kinachoniudhi ni kwamba wengi wa namna hiyo wakiwa hai wanaonekana wasumbufu. Mtu anakataa kusaini, anadai glovu, anazuia mgonjwa asitoke, anaonekana mkorofi. Akishafukiwa ndo mnatafuta picha yake nzuri.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wahudumu wa afya waliokufa kwa korona duniani wanaweza kuwa kati ya 80,000 na 180,000. Ona ukubwa wa hilo pengo, laki nzima ya watu haijulikani ipo au haipo.

Na posho? Fomu za masaa ya ziada zilijazwa, zikapotea, zikajazwa tena, zikaambiwa zimejazwa kwa wino usiofaa. Zililipwa nusu. Hiyo nusu nyingine kaka anaitaja pale tu mtu akimuita shujaa.

Yapo yaliyobadilika, nisiwe mchoyo. Mama Samia alipoingia Machi 2021 mambo yakaanza kusemwa kwa majina yake, Julai zikaja chanjo za Johnson & Johnson zaidi ya milioni moja kutoka Marekani, tarehe 28 akachanjwa mbele ya kamera. Mwaka huohuo zikaja zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wa kupambana na korona, tunazoziita fedha za UVIKO, madarasa wengi mmeyaona, lakini nyingine zilikwenda kwenye wodi za wagonjwa mahututi na kwenye oksijeni. Kwa kaka siku hizi kuna bomba ukutani, unachomeka unafungua. Mjomba kwenye chanjo alikwenda wa kwanza mtaani kwao, tulishangaa wote, kumbe alitaka tu apate kumwambia yule nesi kwamba yeye alishapona kwa nyungu na hii anaongezea.

Basi Machi 2023 tuko sebuleni ikatangazwa Marburg, ugonjwa ndugu yake Ebola, imeingia Kagera. Baadae ilikuja kuhesabiwa wagonjwa 9, vifo 6, na mhudumu wa afya akiwa mmojawapo wa waliokufa. Mama akasema afadhali Kagera ni mbali. Kaka akamuangalia, akasema mama, kuna basi. Akachukua simu hapohapo akampigia mtu wa stoo kumuuliza yale mavazi ya kujikinga yaliyobaki kipindi kile yako mangapi na yamekwisha muda au bado. Nikasikia yule wa upande wa pili anamjibu kwa furaha kabisa, yapo dokta, yapo mengi tu, ila ufunguo kaondoka nao mwenzangu kaenda msibani Handeni.